Bustani Iliyoteremka na Mvua

Gihosha imeinama. Anayetembea kutoka upande wa vilima kuja katikati ya mji huusikia mwinamo huo magotini, na mvua huufuata bila kuuliza njia. Bujumbura imejengwa ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko yapata mita 774 juu ya usawa wa bahari. Nyuma ya mji vilima vya Mumirwa vinapanda upesi hadi kwenye mgongo unaotenganisha maji ya Kongo na ya Nile, juu ya mita 2,000. Tone likianguka huko juu lina haraka ya kufika ziwani, na katikati ya safari hiyo hukuta nyua za watu, kuta za matofali, mitaro ya barabarani na bustani za maua.

Mwenye bustani ninayemsimulia sitamtaja jina. Bado anaishi palepale, majirani wamekwisha kumsamehe, na mwenyewe ndiye aliyetaka yaandikwe haya ili mwingine asiingie hasara aliyoingia yeye. Alikuwa amestaafu baada ya miaka mingi ya kazi ya ofisini. Mbele ya nyumba yake palikuwa na mwembe uliotangulia nyumba yenyewe, waridi, krotoni, na bugenvilia iliyofunika ukuta mzima wa mashariki. Alikuwa na akiba kidogo, muda wa kutosha, na mapenzi ya kweli kwa mimea yake. Nayataja mapenzi hayo mapema kwa sababu msikilizaji wa kisa hiki huwahi kudhani kwamba bustani iliharibika kwa uzembe. Mzee yule alikuwa akiamka alfajiri kuipitia.

Wazo alilipata Canada, alipokwenda kumtembelea binti yake Ottawa. Kule aliona chini ya kila mti na kando ya kila nyumba udongo umefunikwa kwa vipande vya magome na mbao, vingine vyekundu, vingine vyeusi tii, vimesawazishwa vizuri na hakuna gugu hata moja lililochomoza. Binti alimweleza kwamba hayo ni matandazo, kwamba huuzwa kwa mifuko madukani, na kwamba wekundu ule si wa mti. Vipande hupakwa rangi kiwandani, mara nyingi oksidi ya chuma kwa wekundu na ukahawia, na kaboni kwa weusi. Mzee akapiga picha nyingi. Aliporudi nyumbani hakuwa na wazo jingine kichwani.

Burundi hakuna mifuko hiyo. Lakini karakana za maseremala zimejaa maranda, na maduka ya vifaa vya ujenzi yanauza ile oksidi nyekundu ambayo mafundi huichanganya na saruji kupata sakafu inayong'aa. Akaleta maranda kwa pikapu, akayakoroga na rangi ndani ya pipa, akayaanika uani. Kwa macho matupu yalifanana kabisa na ya Ottawa.

Kijana aliyemsaidia bustanini alitoka Isare, vilimani juu ya mji, ambako nyumbani kwao wanalima kahawa. Siku ya kumwaga alisimama na reki mkononi akasema, "Patroni, kabla hatujayamwaga tuangalie maji yanapita wapi. Mvua ikija itatoka pale kwenye pembe ya paa, ipite hapa, ishukie getini."

"Maji yataingia kwenye mtaro," mzee alimjibu. "Mtaro upo kwa kazi hiyo. Wewe sawazisha, yapendeze."

Kijana akasawazisha. Mtu anayelipwa mwisho wa mwezi hushauri mara moja.

Inafaa tukae kidogo kwenye kile ambacho kijana alikiona, maana ndipo funzo lote lilipo. Kwao Isare na katika vilima vyote vya Mumirwa, kufunika udongo si pambo. Wabelgiji waliposambaza kahawa ya arabika Burundi katika miaka ya 1930, walimlazimisha mkulima aitunze kwa kanuni zao, na mojawapo ilikuwa kufunika shamba zima kwa nyasi na majani makavu ya migomba. Amri ile ilichukiwa, na kwa haki: nyasi na majani yaliyokwenda kwenye kahawa ya kuuzwa nje yaliondolewa kwenye mashamba ya chakula, na rutuba ikahama pamoja nayo. Hata hivyo kazi yenyewe ilikuwa na akili ndani yake, na wakulima waliielewa kuliko waliowaamuru. Baadaye watafiti wa ISABU, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, walipima mmomonyoko katika miteremko hiyohiyo na kuona kwamba kahawa iliyofunikwa hupoteza udongo kidogo mno, ilhali ardhi iliyo wazi kando yake huteremka kila msimu.

Sababu ni hii. Tone la mvua kubwa hupiga udongo mtupu kwa nguvu, hupasua punje zake, na vumbi linalotoka huziba vitundu ambavyo maji yangeingilia. Maji yakikosa pa kuingia hukimbia, na yakikimbia hubeba. Nyasi zikiwa juu, tone huvunjikia hapo, maji hushuka polepole, udongo hubaki na vitundu vyake. Mkulima wa Isare hutandaza nyasi ndefu, na huzilaza kukingama mteremko, zishikane zenyewe kwa zenyewe. Hatazami rangi yake. Anajua kwamba zitakuwa za kijivu kabla ya mwezi kuisha, kisha nyeusi, kisha udongo.

Mzee wa Gihosha alitaka kinyume cha hayo bila kujua. Ili kuzuia ndago, gugu linalowasumbua watu wote wa mji huu, alitandika kwanza karatasi nyeusi ya nailoni juu ya udongo wote wa bustani, kisha ndipo akamwaga maranda. Ndago ni jasiri. Huitoboa nailoni kwa ncha yake na kutokea juu. Maji hayana ncha. Mvua za kwanza za Oktoba zilipofika, zilipita katikati ya maranda, zikagonga nailoni, zikateleza juu yake hadi getini. Maranda ni mepesi, yamejikunja, yana hewa ndani. Yakaelea na kusafiri. Asubuhi yake njia ya gari ilikuwa nyekundu, miguu ya mbwa ilikuwa nyekundu, na katikati ya bustani nailoni ilikuwa imebaki uchi ikimetameta.

Hapo ndipo pa kusimama na kufikiri. Yeye aliagiza maranda mengine.

Akaendelea hivyo msimu baada ya msimu. Mvua ikiondoa, anaongeza. Jua likififisha, anaongeza. Na jua la Bujumbura hufifisha upesi, hasa kuanzia Juni hadi Agosti wakati mvua imekatika karibu kabisa: miale yake huvunja lignini, ile gundi ya asili inayoupa mti rangi yake ya hudhurungi, na mbao yoyote iliyolala nje hugeuka kijivu, iwe imepakwa au haikupakwa. Mzee hakuweza kuuvumilia ule ukijivu. Aliuona ni uchakavu, akaona haya mbele ya wageni. Akamwamuru kijana awe anayamwagia maji ya bomba kila jioni ili rangi ikolee, wakati mtaa mzima ulikuwa ukiyagombania maji hayo na akina mama wakipanga madumu. Ubora wa nia hauifuti hesabu hiyo.

Tabaka likanenepa mpaka likafikia urefu wa kiganja na zaidi. Kando ya mwembe alilipandisha juu ya shina, likawa kilima cha duara, kwa sababu picha alizopiga Ottawa zilionyesha miti iliyovishwa hivyo. Yeyote anayejua miti, awe wa Canada au wa Kirundo, atakwambia kwamba hilo ni kosa huko pia, na hufanywa kila mahali kwa sababu linapendeza machoni. Gome la shina si mzizi. Limeumbwa likae hewani. Likifukiwa kwenye unyevu miezi kwa miezi hulainika, kuvu huingia, na nyuma ya kuvu huja mchwa, ambao hapa kwetu hawahitaji mwaliko. Nao walipata mengi: maranda matamu, giza, unyevu, na njia iliyofunikwa kutoka ukutani hadi kwenye shina.

Juu ya uso kukatokea jambo jingine ambalo wengi hawalitambui. Maranda laini yakikaa bila kuguswa hufumwa na nyuzi nyeupe za kuvu mpaka yakawa ngozi. Ukiyamwagia maji, yanasimama juu kisha yanateremka kando. Ukiinua ngozi hiyo, chini yake pakavu. Waridi zilianza kuwa za manjano. Mzee alidhani ni njaa, akaweka mbolea. Ilikuwa kiu, juu ya udongo ambao ulinyeshewa kila siku bila kunywa.

Kijana alijaribu mara nyingine, kwa njia ya mzunguko ya vijana wenye heshima. Alimwambia mzee kwamba mama yake, alipokuja mjini kumwona, ameuliza kwa nini bustani imevaa koti. Mzee alicheka. Baadaye aliniambia kwamba kicheko kile ndicho anachokijutia kuliko fedha zote.

Mtu wa Bujumbura akisikia mvua ya Februari usiku hulala jicho moja. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Februari 2014, mvua iliyopiga vilimani ilishusha maji, matope na mawe kwenye mitaa ya kaskazini ya mji. Kamenge na Kinama nyumba za matofali mabichi ziliyeyuka na wenyewe wakiwa ndani, na watu zaidi ya 60 walipoteza maisha. Sisemi kwamba bustani moja ya Gihosha ni jambo la uzito huo. Nasema kwamba katika mji huu takataka yoyote inayozuia maji si suala la urembo, na kila mzee wa mtaa anajua hivyo.

Mvua iliyoimaliza bustani ya rafiki yetu ilikuja Februari, usiku, kwa saa chache tu. Maji ya paa yalitoka palepale kwenye pembe aliyoionyesha kijana. Ngozi ya maranda ikachanika, ikaondoka vipande vipande juu ya nailoni, ikapita chini ya geti hadi kwenye mtaro wa barabarani. Mtaro una kalivati jembamba mbele ya nyumba ya chini. Pale maranda yakakwama, yakashikana na majani na chupa, yakawa kizuizi. Maji yakaiacha njia yake, yakaingia kwa jirani.

Jirani huyo ni mama anayeuza unga na mchele katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Magunia yalikuwa sakafuni. Unga wa muhogo ukigusa maji ya mtaro hauokoleki. Alipofungua mlango asubuhi aliukuta umevimba kwenye magunia, na sakafu yake ya saruji ya kawaida imegeuka nyekundu kwa rangi ya mtu mwingine. Rangi ndiyo iliyotoa ushahidi. Hapakuwa na haja ya kuuliza maranda yametoka wapi.

Mama hakupiga kelele. Alimwita nyumbakumi, na nyumbakumi akawaita wazee wa mtaa, bashingantahe, watu ambao Burundi imewategemea tangu enzi za wafalme kupatanisha majirani kabla mambo hayajafika mahakamani. Walikaa chini ya mwembe wenyewe. Mmoja wao alikuwa mkulima wa zamani wa kahawa kutoka Mubimbi. Alisikiliza maelezo yote, akachukua fumba la maranda, akalikamua, akauliza swali moja:

"Ndugu yangu, ulipoyamwaga haya, ulitaka yafanye kazi gani?"

Mzee alisema alitaka yapendeze.

"Hapana, kazi," akasema yule. "Kupendeza ni jambo jema, lakini udongo ulikuwa unaomba kitu gani?"

Hakuwa na jibu. Uamuzi wao ulikuwa mwepesi: alipe magunia, azibue kalivati, na asiweke kitu kingine bustanini kabla ya kuonyesha maji yatapita wapi. Malipo aliyamaliza wiki ileile. Jumamosi iliyofuata, wakati wa kazi za jumuiya zinazofanywa asubuhi nchini kote, mtaa mzima uliingia mtaroni na majembe. Mzee alishuka pamoja nao, akachimba kwa mikono yake, toroli baada ya toroli, na katika kila toroli kulikuwa na wekundu ule aliokuwa akiulipia.

Kilichofuata ndicho ninachotaka msomaji mwenye bustani akishike, kwa sababu kuomba msamaha ni rahisi kuliko kuanza upya. Mzee alimwita kijana, akamkalisha kwenye kiti, akamwambia, "Sasa niambie, mwanangu. Nakusikiliza." Na kijana alianza mbali kabisa na matandazo. Alianza na paa.

Chini ya pembe ile waliweka bomba la kushusha maji hadi kwenye pipa, na pipa likijaa, maji ya ziada huingia kwenye shimo lililojazwa mawe na vifusi, mbali na msingi wa nyumba, yakanywewa na ardhi polepole. Hiyo peke yake iliondoa zaidi ya nusu ya tatizo. Kisha wakang'oa nailoni yote. Ilitoka imechanikachanika, na vipande vyake bado vinaibuka kila wanapolima. Nchi iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki kwa amri ya rais ya Agosti 2018 inajua gharama ya kitu kisichooza, ila bustanini watu husahau. Ndago wakaing'oa kwa mkono pamoja na vinundu vyake, kazi ya kuchosha isiyo na njia ya mkato, na kuirudia kila ilipochipua.

Baada ya hapo ndipo zilipokuja kingo. Kwenye mteremko, kitu kilicholala juu ya udongo hutaka kuzuiwa na kitu kilichoingia ndani ya udongo. Kijana alichimba mfereji mdogo upande wa chini wa kila tuta, kina cha sentimita 10 hadi 15, na kando yake akasimamisha matofali ya kuchoma, nusu ardhini nusu juu, akiacha nafasi ndogo kati ya tofali na tofali ili maji yapite na matandazo yabaki. Katikati ya bustani, kukingama mteremko, alipanda mistari miwili ya mchaichai. Mizizi yake hushika udongo, majani yake huchuja maji, na nyumbani hawanunui tena majani ya chai ya jioni.

Mzee alikuwa bado anatamani mawe, zile kokoto nyeupe na za kijivu za mtoni ambazo baadhi ya nyumba za mjini hutandaza mbele ya baraza, maana jiwe halififii. Nilimpinga mimi mwenyewe, na ningempinga tena. Mchanga na mawe ya Bujumbura hutoka kwa kiasi kikubwa kwenye mito yake, Ntahangwa, Muha, Kanyosha, na uchimbaji huo umeongeza kina cha makorongo ambayo leo yanakula viwanja vya watu ukingoni. Kuna familia ambazo chumba chao cha nyuma kinaning'inia juu ya korongo. Kokoto ya kupambia baraza la juu isitoke chini ya msingi wa mtu wa huko. Aliafiki, ingawa kwa kusitasita.

Kwa hiyo matandazo mapya yalitoka palepale uani na kwa majirani: matawi ya bugenvilia na ua yaliyokatwakatwa kwa panga, majani ya mwembe, nyasi za Guatemala ambazo kijana alizileta kutoka kwao akazipanda pia nyuma ya nyumba ili zisichumwe tena kwa mtu mwingine. Vipande vya panga havilingani, vina vijiti na maganda, ndiyo maana vinashikana. Maranda yanalingana mno, kwa hiyo yanateleza. Matandazo hayo mapya waliyalaza unene wa sentimita 5 hadi 8 yakishatulia, si zaidi. Kando ya kila shina waliacha nafasi ya kiganja kilichokunjuliwa, udongo mtupu, gome lipumue. Makapi ya mpunga kutoka bonde la Imbo, ambayo ni rahisi kupatikana, waliyajaribu kwenye kona moja. Upepo wa mchana kutoka ziwani uliyachukua, wakaona kazi yake ni kwenye shimo la mboji.

Na upya wake? Swali hili mzee aliliuliza kwa sauti ya chini, maana bado anapenda bustani inayopendeza, na sioni kosa lolote katika kupenda huko. Jibu la kijana lilikuwa reki. Kila baada ya wiki chache, na zaidi baada ya mvua kubwa, matandazo hupekuliwa kidogo, yaliyo chini yapande juu. Chini ya uso uliopauka kuna rangi ya hudhurungi iliyojificha kwenye unyevu, na kwa dakika chache bustani inavaa sura mpya bila kuongeza hata kapu moja. Kupekua huko huvunja pia ile ngozi ya kuvu kabla haijawa ngozi, na maji hupata njia. Yaliyoteremka hadi kwenye tofali hurudishwa juu kwa mgongo wa reki. Kuongeza hufanywa mara moja kwa mwaka, Septemba, kabla ya mvua, na kwa kupima kwanza kwa kijiti: pakiwa pamefika sentimita 8, haliongezwi hata jani. Yakioza na kupungua, hiyo ndiyo kazi yake inaendelea, chakula kinashuka kwenye mizizi. Wakati wa kiangazi wanayaacha yawe ya kijivu. Maji ya bomba yamebaki ya watu.

Waridi zilirudi kijani baada ya msimu mmoja. Udongo chini ya nyasi umelainika, una minyoo, na mvua ya Novemba nilipokuwa pale ilizama bila kuacha dimbwi.

Habari zilienea, kama zinavyoenea mtaani, na baadhi ya waliosikia wakaiga vibaya. Mtu mmoja wa Kibenga, karibu na ziwa, alitaka kujenga kingo zilezile. Kule hali ni nyingine. Ardhi ni tambarare, na adui haji kutoka juu. Kutoka 2020 hadi 2021, na tena 2024, Ziwa Tanganyika lilipanda likaingia kwenye nyua za Kinindo, Kibenga na Gatumba, likawafukuza watu majumbani. Ziwa hili kubwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga ulioko Kalemie upande wa Kongo, na mvua zikizidi halina pa kupumulia. Maji yakipanda taratibu kutoka chini, matofali hayazuii kitu na matandazo yoyote mepesi huelea yote kwa pamoja. Kwa nyumba kama hizo kijana alishauri udongo ufunikwe na mimea inayotambaa yenye mizizi yake, na kama ni lazima kutandaza, basi majani machache ambayo hayatamwumiza mtu yakipotea. Shauri moja halitoshi miteremko yote, hata ndani ya mji mmoja.

Mwembe haukupona. Walipoondoa kile kilima cha maranda walikuta gome limekuwa laini kuzunguka shina karibu lote, na njia za udongo za mchwa zikipanda ndani yake. Wakaliacha shina hewani, wakalikwangua, wakasubiri. Matawi ya upande wa barabara yalitoa maua mara moja tena, hayakushika matunda. Ulikatwa Julai, kwa hofu kwamba ungeangukia nyumba ya yule mama wa chini, na kuni zake zilipelekwa kwake. Kivuli cha alasiri kilichokuwa kikifika hadi barazani hakipo, na mche uliopandwa badala yake utahitaji miaka mingi.

Kijana sasa anaitwa na nyumba nyingine za Gihosha na Kiriri, na mzee amemruhusu siku mbili kwa wiki afanye kazi hiyo kwa malipo yake mwenyewe. Wenye nyumba humpokea getini wakitaka kumwonyesha maua. Yeye husalimia, hushukuru, kisha huomba atoke nje kwanza, ateremke barabarani, akaangalie kalivati la jirani wa chini.